Mtoto Alipatikana Katikati ya Walimu

Sikukuu ya Familia Takatifu, Mwaka C
Masomo: 1 Sam 1:20-22, 24-28, 1 Yoh 3:1-2, 21-24, Lk 2:41-52



Dominika hii iliyo ndani ya Oktava ya Noeli, Mama Kanisa anatualika kuitazama Familia Takatifu ya Yesu, Maria na Yosefu. Mwinjili Luka anatusimulia habari ambayo kila mzazi akiisikia moyo humshtuka. Mtoto wa miaka 12 amepotea. Wazazi wake walikwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka, kama ilivyokuwa desturi yao. Sikukuu ilipokwisha wakashika njia ya kurudi Nazareti, naye mtoto akabaki nyuma bila wao kujua. Wakatembea mwendo wa siku nzima wakidhani yumo katika msafara, pamoja na jamaa na watu wanaofahamiana nao. Jioni walipomtafuta, hawakumwona.

Ndugu wapendwa, tulitafakari neno hilo moja: walidhani. Maria na Yosefu hawakuwa wazazi wazembe. Walimpenda mtoto wao, walimcha Mungu, walishika sheria. Labda Maria alidhani kuwa mtoto yuko na Yosefu pamoja na wanaume. Labda Yosefu alidhani kuwa yuko na mama yake. Hata wazazi watakatifu waliweza kutembea siku nzima huku mtoto hayupo. Basi sisi je?

Hapa kwetu Tanga mzazi hudhani kwamba mtoto yuko shuleni, chini ya macho ya walimu. Mwalimu hudhani kwamba kengele ya mwisho ikilia, mtoto anarudi chini ya macho ya wazazi. Katekista akimkosa katika mafundisho hudhani kwamba ana kazi nyumbani. Padre akimkosa katika Misa hudhani kwamba yuko bweni. Kila mmoja anadhani, msafara unakwenda, na mtoto hayumo. Yuko wapi? Wakati mwingine yuko chini ya mnazi, ambako mgema ameshuka na kibuyu chake. Wakati mwingine yuko nyuma ya kibanda wanakouza gongo. Wakati mwingine yuko katika geto, yaani chumba cha kupanga karibu na shule ya kata, ambamo watoto wa kidato cha pili wanaishi peke yao kwa sababu nyumbani ni mbali; na humo chumbani chupa ndogo inapita kutoka mkono hadi mkono.

Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya watoto hao. Tumeichagua Dominika hii kwa makusudi. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, sikukuu zimejaa vinywaji, na baada ya siku chache mwaka mpya wa masomo utaanza. Huu ndio wakati wa kugeuka nyuma na kuhesabu nani yumo katika msafara na nani hayumo.

Kwanza tuweke jambo moja wazi. Kanisa halifundishi kwamba divai ni haramu. Bwana wetu alifanya ishara yake ya kwanza arusini Kana, na katika altare zetu divai hugeuzwa kuwa Damu yake takatifu. Yoshua bin Sira anaisifu divai inywewayo kwa wakati wake na kwa kiasi chake, kisha hapo hapo anaonya juu ya uchungu wa ulevi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha kwamba fadhila ya kiasi inatutaka tuepuke kila aina ya kupindukia, iwe katika chakula, pombe, tumbaku au dawa; na inawatia hatiani wale ambao kwa ulevi wao wanahatarisha maisha ya wengine barabarani.

Lakini kiasi ni fadhila inayofundishwa polepole, na mtoto hajaipata bado. Wataalamu wa afya wanatuambia kwamba ubongo wa mwanadamu huendelea kukomaa hadi anapopita miaka 20, na kwamba sehemu inayochelewa zaidi ni ile ya kupima mambo, kujizuia na kuona matokeo kabla hayajaja. Kumpa pombe mtoto wa miaka 14 ni kama kumwachia usukani wa basi ambalo breki zake hazijafungwa. Tena anayeanza kunywa mapema yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuwa mtumwa wa pombe ukubwani kuliko yule anayengoja. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2024, limekadiria kwamba pombe ilisababisha vifo vya watu milioni 2.6 duniani katika mwaka 2019, na kwamba sehemu ya vifo iliyotokana na pombe ilikuwa kubwa zaidi miongoni mwa vijana wa miaka 20 hadi 39. Ndugu zangu, mtu hafi kwa pombe akiwa na miaka 25 kwa sababu ya glasi aliyoionja jana. Safari ile ilianza mapema, na mara nyingi ilianza akiwa amevaa sare za shule.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwuzia mtoto pombe, yaani mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka 18, na inawakataza wenye baa na kumbi za disko kumruhusu mtoto kuingia humo. Tarehe 1 Machi 2017 nchi yetu ilipiga marufuku viroba, zile pombe kali za vifuko vya plastiki ambazo mwanafunzi aliweza kuzinunua kwa fedha ya chakula cha mchana na kuzificha katika mfuko wa kaptura. Tulishukuru siku ile, na tuliona madukani tofauti yake. Lakini tuseme kweli: kiroba kiliondoka, na kile kilichokuwa kikimtuma mtoto akinunue hakikuondoka. Utafiti uliofanywa katika mikoa ya Mwanza na Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2015, uliwauliza vijana wa miaka 15 hadi 24, nao wakaonyesha kwamba pombe inapatikana kirahisi mno na kwamba matangazo yake yanawafikia kila upande. Nani kati yetu hapa Tanga, kuanzia Pangani hadi Mkinga, kuanzia mashamba ya mkonge ya Korogwe na Muheza hadi milima ya Lushoto, atasema kwamba kwetu hali ni nyingine?

Hapa, wapendwa wasikilizaji, hatuna budi kuungama kosa letu wenyewe.

Miaka mingi iliyopita tulikuwa tukihudumu katika parokia moja ya pwani. Jumamosi moja asubuhi, katika darasa la Kipaimara, katekista alituletea kijana wa miaka 14. Alinuka mnazi. Wenzake walikuwa wakicheka. Sisi tulikuwa na haraka, tulikuwa na Misa ya kigango saa tano, na tuliona kwamba darasa zima linatutazama tutafanya nini. Tukamkemea mbele ya wote. Tukamwambia aende zake, na arudi siku atakapokuwa na akili zake. Alisimama kidogo kama mtu anayetaka kusema neno, kisha akaondoka. Hakurudi. Nasi tulidhani. Tulidhani kwamba amehama, tulidhani kwamba mama yake atamleta, tulidhani kwamba amejiunga na kundi la Kipaimara la mwaka uliofuata.

Baada ya miaka tisa tulikuwa tukizungukia wagonjwa hospitalini na Sakramenti Takatifu. Kijana mmoja aliyekatwa mguu chini ya goti alitusalimu, "Shikamoo Padre," kisha akauliza kama tunamkumbuka. Hatukumkumbuka. Akatukumbusha. Ndipo tulipoyasikia yale ambayo siku ile hatukuyauliza. Baba yake alikuwa mvuvi. Mwaka ule alitoka na ngalawa usiku, na ngalawa ikapatikana bila yeye. Mama alianza kuuza mnazi ili watoto wapate chakula na ada ya shule. Kijana ndiye aliyetumwa alfajiri kwa mgema kuchukua madumu, kabla ya kwenda darasani. Alianza kuonja kwa sababu ya njaa. Kisha akagundua kwamba akinywa usiku halali akiota bahari. Darasa la kidato cha pili hakulimaliza. Akaingia katika bodaboda, akaendesha akiwa amelewa, na barabarani akagongana na lori.

Tulimwuliza kwa nini siku ile alikuja katika mafundisho hali amekunywa. Alitujibu kwa upole, bila hasira: "Padre, sikuwa na pengine pa kwenda."

Ndugu wapendwa, katika somo la kwanza tumemsikia Hana akimleta mtoto Samweli katika nyumba ya Bwana. Lakini ninyi mnaoisoma Biblia nyumbani mnajua kilichotangulia. Hana alikuwa akisali kwa uchungu, midomo ikitikisika na sauti haisikiki. Kuhani Eli, akiwa ameketi penye mwimo wa mlango, alimtazama akadhani kwamba amelewa, akamkemea. Kumbe yule mama hakuwa amelewa. Alikuwa na huzuni. Eli aliona ulevi pasipo ulevi. Sisi tulifanya kosa linalofanana na lile: tuliona ulevi, na ulevi ulikuwapo kweli, lakini hatukuiona huzuni iliyokuwa nyuma yake. Eli walau alinyamaza akamsikiliza Hana, kisha akambariki. Sisi hatukunyamaza.

Je, mtoto huyu angeweza kuzuiwa asifike alikofika? Tunaamini angeweza, na tunaamini mahali pa kuanzia palikuwa shuleni.

Injili inasema kwamba baada ya siku tatu walimkuta Yesu hekaluni, ameketi katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Tuangalie vizuri. Mtoto wa miaka 12 aliketi katikati yao. Hakusimamishwa mbele yao kama mshtakiwa. Walimu wale walimwacha aulize, nao wakajibu, na wakastaajabia majibu yake. Hapo ndipo tunapopata mfano wa shule inayoweza kumlinda mtoto.

Kwa miaka mingi watu wazima wamefikiri kwamba dawa ya ulevi wa vijana ni kuwatisha. Nchini Marekani, mwaka 1983, katika jiji la Los Angeles, ulianzishwa mpango wa kuwapeleka askari polisi madarasani kuwafundisha wanafunzi juu ya hatari ya pombe na dawa za kulevya. Mpango ule ulipendwa, ukaenea nchi nzima, watoto wakapewa fulana na vyeti. Lakini watafiti walipofuatilia wanafunzi kwa miaka, waligundua kwamba mafundisho yale ya awali yalibadili kidogo sana unywaji wao. Walikuwa wameambiwa mengi juu ya pombe, ila hawakuulizwa lolote juu ya nafsi zao.

Mahali pengine walijaribu njia tofauti. Mtafiti Patricia Conrod na wenzake walifanya kazi na shule za sekondari za London, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Wanafunzi walikuwa na umri wa miaka 13 na 14, umri wa watoto wetu wa Kipaimara. Kwanza waliulizwa maswali juu ya tabia na hisia zao, si juu ya makosa yao. Kwa majibu yale walitambuliwa wale ambao maumbile yao ya moyo huwaweka katika hatari zaidi, na wakagawanywa katika mafungu manne. Fungu la kwanza ni wale wanaokata tamaa upesi. La pili ni wenye wasiwasi, ambao mapigo ya moyo wao wenyewe huwatia hofu. La tatu ni wenye pupa, wanaotenda kabla ya kufikiri. La nne ni wapenda msisimko, ambao mambo ya kawaida huwachosha mara. Kila fungu lilialikwa katika mikutano miwili tu, kila mmoja wa saa moja na nusu, chini ya watu wa shule zao wenyewe waliofundishwa kazi hiyo. Humo kila mtoto alisaidiwa kulitambua umbo la moyo wake, kuyakamata mawazo yanayompeleka pabaya, na kuchagua njia nyingine. Walifuatiliwa kwa miaka miwili, na unywaji wao ulipungua kuliko ule wa wenzao wa shule ambazo hazikupata mikutano hiyo. Na jambo la kushangaza ni hili: hata wale ambao hawakualikwa katika mikutano, kwa kuwa tu walisoma shule moja na walioalikwa, unywaji wao ulipungua. Sisi Wakristo jambo hilo tunalijua kwa jina lake. Bwana aliliita chachu.

Mtu atasema: hayo ni ya Ulaya. Ndugu, fungueni Maandiko mtawakuta vijana hao wote wanne. Eliya alikata tamaa akalala chini ya mti akiomba afe. Mungu hakumhubiria, alimpa usingizi, mkate na maji, kisha akampa kazi. Musa aliogopa kusema mbele ya watu. Mungu akampa ndugu yake Haruni awe kinywa chake. Petro alikuwa mwenye pupa, upanga ulitangulia akili. Bwana alimrudisha upanga alani, lakini hakumfukuza. Yakobo na Yohane walipenda vishindo, wakaitwa wana wa ngurumo. Bwana aliichukua ngurumo yao akaifanya ushuhuda. Mungu hafundishi mioyo minne kwa fimbo moja.

Na watoto hao wanne wamo katika kila darasa la Tanga. Yumo aliyefiwa, anayeketi dawati la nyuma na hacheki tena. Yumo binti anayetetemeka usiku wa kuamkia mtihani, ambaye rafiki amemwambia kwamba kidogo tu kitamtuliza. Yumo mvulana anayejibu "ndiyo" kabla hajaambiwa swali. Yumo yule anayeruka majini kutoka gatini ili wenzake wampigie makofi. Mwalimu anayewafahamu anaweza kuwaita kwa faragha na kwa heshima, kabla mgema hajawaita.

Sasa tuyaseme yanayotupasa kufanya, kila mmoja mahali pake.

Kwanza ninyi walimu, na ninyi makatekista mnaoingia shuleni kufundisha vipindi vya dini. Tunajua mizigo yenu: madarasa yamejaa, mishahara haitoshi, siku ni fupi. Hatuwaombi mjenge kitu kipya. Vipindi vya dini vipo. Chama cha Wanafunzi Wakatoliki, TYCS, kipo katika sekondari nyingi. Mwalimu wa ushauri na unasihi yupo. Tunaomba katika muhula wa kwanza mtenge vipindi vichache, si vya kuhesabu maradhi ya ini, bali vya kumfundisha mtoto kujitambua na kusema "hapana" mbele ya rafiki bila kupoteza urafiki. Wafanyeni waigize kwa vitendo: mmoja anashawishi, mwingine anakataa, darasa linatazama. Waonyesheni pia kwamba wengi wa wenzao hawanywi, maana kila mtoto anayekunywa hudhani kwamba yeye ndiye aliyechelewa. Na mwanafunzi akikutwa amelewa, adhabu isiwe neno la kwanza wala kufukuzwa kusiwe neno la mwisho. Aitwe mzazi, aulizwe mtoto, asikilizwe. Shule ikimfukuza leo, kesho atapokelewa na kilabu cha pombe, na kule hakuna mtihani wa kuingia.

Pili, ninyi wazazi. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Msimtume mtoto kununua pombe, wala kubeba madumu, wala kuonjesha wateja. Tunajua kwamba wapo akina mama wanaopika pombe au kuuza mnazi kwa sababu hawana njia nyingine ya kuwalisha watoto. Hatuwahukumu. Yule mama tuliyemtaja alitaka mwanawe asome. Lakini hapa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo haziwezi kusema kwamba haliwahusu. Jumuiya inayochanga kwa ajili ya msiba ishindwe kumchangia mjane mtaji wa kukaanga maandazi? WAWATA mpo, UWAKA mpo. Na ninyi wenye watoto wanaoishi katika mageto, kubalianeni, familia tano au sita, mpate mama mmoja mwaminifu wa kukaa nao. Mkono mmoja haulei mwana.

Tatu, sisi mapadre na parokia zetu. Hapa tuseme kwa sauti ya chini, maana tunajisema wenyewe. Mtoto anapokea Komunyo ya Kwanza asubuhi, na mchana nyumbani kwao makreti ya bia yamepangwa hadi dirishani. Anapakwa Krisma takatifu, anaahidi kuwa askari wa Kristo, na jioni ile ile mjomba anamwekea kidogo katika glasi, akisema, "Sasa umekuwa mkubwa." Ndugu zetu Waislamu, ambao hapa pwani tunaishi nao mlango kwa mlango, ambao dini yao inawakataza pombe kabisa, wanatutazama. Wakiuliza kama ulevi ni sehemu ya Ukristo, tutawajibu nini? Tunawaomba waamini wote: karamu ya mtoto iwe ya mtoto. Pilau iwepo, soda iwepo, madafu yawepo, ngoma ipigwe. Bia ingoje siku nyingine.

Wengine watasema kwamba haya ni mambo ya juzi. Sivyo. Wamisionari Warosmini waliofika Tanga mwaka 1945, wengi wao wakitoka Ireland, walitoka katika nchi iliyoyajua machozi ya ulevi. Huko mjini Dublin, mwaka 1898, Padre James Cullen, Mjesuiti, alianzisha chama cha waamini wanaojinyima pombe kwa kuuheshimu Moyo Mtakatifu wa Yesu, na katika Ireland ikawa desturi kwamba vijana wa Kipaimara waahidi kutokunywa hadi watimize umri wa utu uzima. Na katika mji ule ule aliishi Matt Talbot, aliyezaliwa mwaka 1856 katika familia maskini ya watoto wengi. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka kama 12, akapata kazi katika ghala la wauza vinywaji. Huko ndiko alikojifunza kunywa, kama yule kijana wetu wa madumu. Kwa miaka 16 hivi pombe ilimtawala. Mwaka 1884 aliweka ahadi ya kuacha kwa miezi mitatu, kisha sita, kisha maisha yake yote. Aliishika hadi alipofariki njiani akienda Misa, mwaka 1925. Mwaka 1975 Baba Mtakatifu Paulo VI alimtangaza kuwa Mtumishi wa Mungu mwenye heshima. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini tujiulize pia: ingekuwaje kama mtu mmoja angalimwita kando yule mtoto wa miaka 12 siku ya kwanza aliporudi na harufu?

Ndugu wapendwa, Maria alipomwona mwanawe hekaluni hakuficha uchungu wake. Alimwambia kwamba yeye na baba yake wamemtafuta kwa huzuni. Wazazi wengi wanaotusikiliza asubuhi hii wanaijua huzuni hiyo. Kwao tunasema: msichoke. Walitafuta siku tatu, wakampata. Luka anamaliza kwa kusema kwamba Yesu alishuka pamoja nao hadi Nazareti, akawatii, akazidi kukua katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na watu. Ukuaji ule ulifanyika katika nyumba ya fundi seremala, siku baada ya siku, bila watu kuutambua. Ndivyo anavyolindwa mtoto.

Yule kijana wa hospitali alipona. Alirudi darasani, akiwa na gongo lake la kutembelea, akaketi na watoto wa miaka 13, nao mara hii hawakucheka. Alipokea Kipaimara akiwa na miaka 24. Mama yake alikuwa ameacha kuuza mnazi. Jumuiya yake ilikuwa imemsaidia kuanza kuuza maandazi na uji. Siku ile alitualika nyumbani kwake, tukanywa uji ule chini ya mwembe, na palikuwa na furaha kubwa. Tulikaa karibu na kijana. Tulimwomba radhi, naye akatusamehe. Mguu wake haukurudi.

Tusali. Ee Familia Takatifu ya Nazareti, wafundisheni wazazi kuuliza kabla ya kudhani, walimu kusikiliza kabla ya kuhukumu, nasi mapadre kutazama kabla ya kukemea. Warudisheni watoto wetu wote katika msafara.

Na awabariki Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.